Barua ya malalamiko: draiva yenu imefuta mipangilio ya kuwasha seva yetu

Kitengo cha TEHAMA,
Chama cha Akiba na Mikopo,
Morogoro.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Idara ya Seva na Vifaa vya Kuhifadhia Data.

Ndugu Meneja,

YAH: KIFURUSHI CHA DRAIVA YA KADI YA DISKI KUANDIKA UPYA MAFAILI YA KUWASHA MFUMO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wateja wenu. Seva ya tawi letu la Kilosa inatumia kadi yenu ya kuunganisha diski, na mfumo endeshi wake ni Debian 12, aina ya Linux. Mwishoni mwa mwezi uliopita tulisasisha mfumo kama kawaida. Katika mkupuo huo huo iliingia kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, pamoja na toleo jipya la draiva yenu, programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi. Kila kitu kilionekana kimekwenda sawa, hakuna onyo hata moja. Umeme ulipokatika na kurudi, seva haikuwaka tena.

Ilikuwa siku ya wanachama kuchukua mikopo. Walimu, wakulima wa mpunga na akina mama wa sokoni walikaa kwenye benchi hadi jioni, na karani hakuwa na namna ya kuona hata salio la mtu. Wengine walikuwa na ada za watoto za kulipa siku ile ile. Naomba mlijue hilo kabla hatujaingia kwenye mambo ya kiufundi, maana wao ndio waliobeba gharama ya kosa hili.

Kwenye skrini ya Kilosa ulikuwepo ujumbe kwamba diski yenye UUID yetu (namba ya utambulisho) haipo, kisha mfumo ukaishia kwenye ganda la amri la initramfs, mfumo mdogo wa muda unaotangulia kabla mfumo kamili haujafunguka kutoka kwenye diski. Mimi niliyekuwa Morogoro sikuuona, kwa sababu dirisha la mbali tunalotumia kuiangalia seva hiyo lilikuwa tupu. Ilibidi nipande basi. Nilipofika nilibonyeza Esc, nikachagua kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB, programu inayoiwasha kerneli, na seva ikawaka mara moja. Diski zilikuwa nzima, na kadi pia.

Nikafungua skripti ya postinst ya kifurushi chenu, ile inayoendeshwa kifurushi kikishasakinishwa na inayohifadhiwa chini ya /var/lib/dpkg/info, nikaisoma mstari kwa mstari. Nilichokikuta ndicho kinachonifanya niandike.

Kwanza, skripti hiyo hailihariri faili la mipangilio ya GRUB, /etc/default/grub, inalimwagia maandishi mapya kuanzia mstari wa juu hadi wa mwisho. Sisi tulikuwa tumeweka humo console=ttyS0,115200 ili seva ionekane kutoka mbali, na sekunde kumi za menyu ili mtu aweze kuchagua kerneli nyingine mambo yakiharibika. Toleo lenu la awali halikuligusa faili hilo. Hili jipya limefuta vyote viwili, likaweka GRUB_TIMEOUT=0, yaani sekunde sifuri za menyu, kisha likaita update-grub ili mabadiliko hayo yatumike. Yaani mmeondoa menyu ya kujiokoa na dirisha la kuangalia tatizo kwa pamoja, kwenye kifurushi ambacho kazi yake ni kuitambulisha kadi ya diski tu.

Pili, na hili ndilo lililoizima seva, skripti inajenga moduli (draiva inayopakiwa ndani ya kerneli) kwa ajili ya kerneli inayotembea wakati huo peke yake, kisha inaita update-initramfs -u -k $(uname -r), yaani inasasisha initramfs ya kerneli hiyo tu. Kerneli mpya iliyoingia dakika ileile haikupata kitu. DKMS ipo tangu 2003 kwa kazi hii hasa ya kujenga moduli upya kila kerneli mpya inapokuja, na nyinyi mnaitumia, lakini kwenye dkms.conf yenu mstari wa AUTOINSTALL="yes" unaoruhusu ujenzi huo ufanyike wenyewe haumo. Kwa hiyo kerneli mpya iliposakinishwa, DKMS iliiruka draiva yenu, ingawa vichwa vya kerneli hiyo (mafaili ya kujengea moduli) vilikuwepo. GRUB huchagua kerneli mpya zaidi yenyewe. Ikaiwasha, na ndani ya initramfs yake hapakuwa na moduli ya kusoma diski.

Tatu, amri hizo zote zimefungwa kwa || true, inayoficha kushindwa kwake, na skripti inamalizia na exit 0, yaani imefaulu. Hata sehemu ya /boot ingekuwa imejaa na initramfs ikashindikana kuandikwa, dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, ingeambiwa kazi imekamilika. Kushindwa kwa draiva ya diski ni jambo la kupigiwa kelele palepale, fundi akiwa bado ameketi mbele ya mashine.

Sera ya Debian, kifungu cha 10.7, inataka mabadiliko ya msimamizi yahifadhiwe kifurushi kinaposasishwa. Mipangilio yenu ya GRUB ina pahala pake: faili dogo lenye jina lenu ndani ya /etc/default/grub.d, ambalo msimamizi ataliona, atalielewa na ataweza kuliondoa. Moduli inayotakiwa mapema huwekwa kwenye initramfs kwa hook (skripti ndogo) ya initramfs-tools, zana inayojenga initramfs. Njia hizi zipo kwenye Debian 12 na zinafanya kazi. Mimi mwenyewe niliirudisha seva kwa kujenga moduli kwa kerneli zote mbili, kuita update-initramfs -u -k all, na kuhakiki kwa lsinitramfs kwamba moduli imo kabla ya kuizima na kuiwasha.

Nilipowaandikia mafundi wenu nikiambatanisha skripti na kumbukumbu za apt (zana ya kusasisha mfumo), nilijibiwa tusakinishe mfumo upya. Jibu hilo limenisikitisha kuliko hitilafu yenyewe. Kusakinisha upya kungeleta kifurushi kilekile na skripti ileile, na kungeiweka data ya wanachama hatarini bila sababu.

Kwa hiyo tunaomba, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, mtoe toleo lililorekebishwa lisilogusa /etc/default/grub, linalojengwa kwa kila kerneli iliyopo na itakayokuja, na linalosimama na kutoa kosa linaposhindwa. Toleo lenye kasoro liondolewe kwenye hazina yenu ya vifurushi leo, msisubiri hilo jipya, kwa kuwa kuna seva nyingine ambazo bado hazijazimwa tangu zisasishwe na wenyewe hawana habari. Watumieni wateja wote wa kadi hii taarifa inayotaja kila faili ambalo kifurushi kimelibadilisha. Tunataka pia gharama za safari na matengenezo zirejeshwe. Stakabadhi zimeambatanishwa pamoja na nakala ya skripti, mistari husika ikiwa imewekwa alama.

Kwa sasa kifurushi chenu tumekizuia kwa apt-mark hold kwenye seva zetu zote, na tumesitisha oda ya kadi za tawi jipya hadi tupate majibu yenu kwa maandishi.

Wako,

Msimamizi wa Mifumo ya Kompyuta

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Meneja wa Tawi, Kilosa.