Rubani aliyesema amechoka asiadhibiwe

Mhariri,

Wiki iliyopita abiria wa ndege ya alasiri walisubiri katika uwanja wa Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu, hadi jua likaanza kuinama, kisha wakaambiwa ndege haiji: rubani aliyepangiwa amesema amechoka, na hakuna wa kushika nafasi yake. Wakavuka tena kwa boti na mizigo yao. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja jirani yangu, mwenye miadi ya kliniki Nairobi asubuhi ya pili. Kufikia magharibi habari ilikuwa imetapakaa mjini, kwenye kiwanja cha Mkunguni. Barazani bwana mmoja alisema kuli hubeba magunia ya saruji kutwa nzima na hasemi neno, seuze mtu aliyekaa kitini kwenye kiyoyozi. Mwenzake akadakia kwamba marubani kazi yao ni kugoma, tangu wale wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022 anawajua.

Siku ile nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira. Leo naomba nafasi nijibu, maana nilirusha ndege za abiria miaka 26 kabla ya kustaafu, na jambo hili limenikaa kifuani muda mrefu.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa nahodha wa jahazi. Kwa wazee wa kazi ile rubani alikuwa mtu anayeyajua maji: fungu la mchanga liko wapi, mwamba uko wapi, mlango wa bahari wa Mkanda unapitika maji yakijaa kiasi gani. Baba hakumwacha mwenye usingizi ashike usukani, hata awe mwanawe. Hakumhoji kwa nini ana usingizi. Alimwambia akalale, akampa mwingine, na sehemu yake ya mapato haikuguswa.

Nami niliingia angani nikidhani utaratibu ni huo huo.

Mwaka wangu wa tatu nikiwa kapteni niliwekwa zamu ya akiba, ile tunayoiita stendibai, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Unakaa nyumbani, simu mkononi, sare imepigwa pasi, na ukiitwa unatakiwa uwe uwanjani haraka. Nilikuwa macho tangu saa kumi alfajiri. Watu husema rubani wa stendibai amepumzika. Nani alalaye mchana huku akisubiri kuitwa? Simu haikulia kutwa, ikalia saa kumi na moja jioni. Tulipokuwa tukirudi Nairobi ilikuwa imeshapita saa sita usiku, na mimi nimetimiza saa 20 bila usingizi. Mwongoza ndege alituita mara mbili. Nilimsikia kama mtu aliyelala anavyoisikia adhana: anajua ni adhana, lakini mwili hauinuki. Aliyejibu ni rubani msaidizi, kijana mdogo. Ndiye pia aliyeniambia, kwa adabu kabisa, "Kapteni, magurudumu bado."

Siku ya pili jioni nilipangiwa tena. Nikapiga simu nikasema nimechoka, siwezi. Nikajibiwa, "Jana ulishinda nyumbani. Umechoshwa na nini?" Mwisho wa mwezi posho yangu ya saa za kuruka ilikuwa imepungua, na nikaitwa ofisini kujieleza kama mtoro. Baada ya hapo sikupiga tena simu ile kwa miaka sita, wala si kwamba sikuchoka. Nikiwakumbuka watu niliowabeba katika miaka hiyo, moyo hunienda mbio hata leo.

Sasa nije kwa kuli. Uchovu wake uko mgongoni na anaujua. Akizidiwa hutua gunia. Uchovu wa rubani hula uamuzi kwanza, naye hujiona yuko sawa. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi ya akili na mkono kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Nani hapa Lamu angekubali kupanda ndege ya rubani aliyekunywa?

Na mambo haya yameshatokea. Mei 2010, kule Mangalore nchini India, kinasa sauti cha ndege kilirekodi mkoromo wa kapteni aliyelala sehemu kubwa ya safari. Alipoamka walikuwa juu mno kuweza kutua vizuri. Msaidizi wake akamwambia wapae tena, yeye akaendelea kushuka, na watu 158 wakafa. Januari 2024, marubani wote wawili wa ndege ya Batik Air iliyokuwa ikienda Jakarta walilala kwa pamoja dakika 28, nyuma yao abiria 153. Mmoja wao alikuwa na pacha wachanga nyumbani. Hao Mungu aliwanusuru.

Ajali iliyobadilisha sheria ni ya Februari 2009 karibu na Buffalo, Marekani, ambako walikufa watu 50. Ndege yenyewe ilikuwa Q400, ya mapangaboi mawili, aina ambayo watu wa Lamu na Malindi wanaijua kwa macho. Ilipotoa onyo kwamba inapoteza mwendo, kapteni alivuta usukani nyuma badala ya kuusukuma mbele. Alikuwa amelala kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani, na msaidizi wake alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kuja kazini. Wachunguzi walisema uchovu huenda uliwaathiri wote wawili, ingawa hawakuweza kupima kwa kiasi gani.

Tangu Januari 2014 rubani wa abiria wa Marekani lazima apewe mapumziko ya saa 10, ndani yake saa 8 za kulala. Kabla ya kila safari anatia saini kwamba anaiweza kazi, na akisema amechoka, kampuni hairuhusiwi kumrusha. Stendibai ya uwanjani huhesabiwa kuwa kazi. Ile ya nyumbani, ukiijumlisha na kazi inayofuata, isipite saa 16 kwa marubani wawili wasio na wa kuwapokea, hesabu ikianza pale stendibai ilipoanza. Kwa hesabu hiyo, usiku ule mimi ningetakiwa niwe nimeshamaliza saa nne. (Ndege za mizigo ziliachwa nje ya kanuni hiyo, kana kwamba anayerusha sanduku hachoki.)

Sheria haimalizi mambo, kwa sababu mshahara uko kwenye mkataba. Hata huko Marekani, ambako vyama vya marubani vina nguvu, bado wanabishana: aliyejitoa kwa uchovu alipwe safari aliyoikosa, akatwe kwenye siku zake za ugonjwa, au kamati iamue? Mimi nasema alipwe. Mtu anayelipwa kwa saa za kuruka, mwenye karo na kodi ya nyumba, ukimwambia kwamba kusema kweli kutamkata mshahara, umeshamfundisha kunyamaza.

Najua wapo watakaochoka kila mkesha wa Idi. Ninawajua, na wengine ni marafiki zangu. Wapo pia wanaotumia siku ya mapumziko kuendesha biashara zao, kisha wanakuja kazini macho mekundu. Hao nao wanakosea abiria. Basi iwepo kamati yenye marubani ndani yake, na ianze kwa kuangalia ratiba: huyu aliitwa saa ngapi, jana alitua saa ngapi, juzi alilala wapi? Mwenye kurudia bila sababu ataonekana. Lakini uchunguzi uje baada ya kupumzika, na mshahara usikatwe kabla ya matokeo.

Jirani yangu ana haki ya kukasirika. Kliniki haipatikani kirahisi. Ila hasira yake aipeleke kwa walioendesha ratiba bila rubani wa akiba aliyepumzika, kwani stendibai iliwekwa kwa siku kama ile.

Mpwa wangu amepewa mkataba wake wa kwanza mwezi huu. Ameniletea niusome. Neno uchovu limo mara moja tu, nalo liko katika kifungu cha nidhamu, baina ya ulevi na utoro. Nimemwambia asitie saini mpaka litolewe hapo.

Rubani mstaafu,
Langoni, Lamu