Kitako kikiota ukungu, msasa uache kwanza

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Tabora. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna jambo linaniuma na sijaona mtu akiliandika. Ni hivi vitako vya mbao vya bunduki zinazomilikiwa kihalali huku kwetu, zile raifo na shotgani za zamani walizoacha wazee, kila mvua zikikatika unakuta zimeota ukungu, mwenye nayo anashtuka anakimbilia kwa seremala, seremala anapiga msasa wa mashine anamwagia vanishi ya kung'aa, na kitu kilichodumu miaka na miaka kinaharibika ndani ya nusu saa tu.

Naandika sasa hivi kwa sababu ndo wakati wenyewe. Mvua zetu zinaanza Novemba zinakwenda mpaka Aprili, bunduki miezi yote hiyo imelala kabatini, wengine wameifunga kabisa kwenye begi lake la turubai, halafu uwindaji unafunguliwa Julai, kwa hiyo Mei na Juni ndo watu wanatoa silaha zao wanazikuta zina unga mweupe na mabaka ya kijani na harufu ya stoo. Na Mei na Juni ndo miezi mizuri ya kuzisafisha maana hewa ni kavu, ukiacha kitu kivulini kinakauka chenyewe bila kukipeleka juani.

Watu waelewe kwanza kwamba ukungu siyo kuoza. Ukungu unakaa juu juu, chakula chake ni jasho la mikono, vumbi, na mafuta yaliyobaki kwenye mbao, unachotaka ni unyevu tu na hewa iliyosimama. Mbao yenyewe chini mara nyingi ni nzima kabisa. Kuoza ni kitu kingine, mbao inalainika, na kupima ni rahisi: chukua sindano nene gusa pale panapotiliwa shaka, hasa pale shingoni mkono unaposhika na pale chuma kinapokalia mbao, kama sindano inaingia bila kubisha basi hiyo bunduki isipigwe tena mpaka fundi wa silaha mwenye leseni aione. Kama haiingii, una ukungu tu, na ukungu unatoka bila msasa.

Kuna raifo moja niliiona, Lee-Enfield ya .303, ile raifo ya zamani ya jeshi la Uingereza, ya mzee mmoja upande wa Uyui, ana kibali chake na kila kitu. Zile za zamani upande wa kulia wa kitako huwa zina kisahani kidogo cha shaba ya njano kimefungwa na skrubu, jeshi lilikuwa linagonga hapo alama za kikosi, na kwenye mbao yenyewe kuna mihuri ya kiwanda na ule mshale wa serikali ya Uingereza. Ya yule mzee ilishapita kwa seremala. Kisahani kimekwaruzwa hakisomeki, mihuri ya mbao imekwenda yote, na kibaya zaidi mbao imeshuka chini ya chuma, lile bamba la nyuma ya kitako sasa limejitokeza pembeni ukipitisha kidole linakukwaruza, na vanishi imeshaanza kubanduka maana chini yake unyevu ulikuwa haujatoka. Mzee alikuwa amelipa hela yake nzuri tu na alikuwa anaipapasa pale ilipokuwa na muhuri. Kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia Wabelgiji waliingia mji wetu huu Septemba 1916 wakawatoa Wajerumani, bunduki za zama zile zimepita kwenye barabara zetu, na alama zikishafutwa hakuna mtu duniani wa kuzirudisha.

Halafu kuna upande wa sheria ambao watu wanauchukulia kirahisi. Seremala hana leseni ya silaha. Kumpelekea bunduki nzima akakae nayo wiki ni kosa, tena kosa kubwa. Hakikisha haina risasi, angalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho na kwa kidole, risasi ziwe chumba kingine, kisha kitako kifunguliwe, na kama hujui kukifungua mpelekee fundi wa silaha anayeruhusiwa. Kinachoshughulikiwa ni mbao peke yake.

Kusafisha kwenyewe ni hivi. Toka nje, vaa barakoa, maana ule unga ukiusugua mkavu unaruka na ukiuvuta kifua kinakusumbua. Usianze na brashi kavu, anza na kitambaa kilicholowa kidogo. Siki nyeupe ya dukani changanya na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa ukikamue, futa, acha dakika kadhaa, futa tena na kitambaa cha maji safi, kausha na kitambaa kikavu hapo hapo. Kwenye mikwaruzo na kwenye michoro ya kushikia mkono tumia mswaki wa zamani. Usiloweke kitako kwenye beseni, nimesikia watu wanafanya hivyo, mbao ikinywa maji inavimba na ikikauka inapasuka. Jiki pia hapana, klorini inapausha mbao, inailegeza nyuzi zake, na ikigusa chuma kutu inaanza siku ile ile. Na siki usiichanganye na stilwaya, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, hili wengi hawalijui: siki inayeyusha chuma, chuma kile kikikutana na ile tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, kinageuka cheusi tii, unabaki na madoa mabaya kuliko ukungu wenyewe. Kama kuna weusi umezunguka skrubu na haukutoka kwa kufutwa, huo siyo ukungu, ni chuma na unyevu vimeshafanya kazi hiyo zamani, uache.

Baada ya hapo kiweke kivulini penye upepo, siku kadhaa, usikiegemeze ukuta wa udongo wala usikilaze sakafuni. Jua la kwetu la Juni linaonekana la upole lakini linakausha upande mmoja haraka kuliko mwingine na ufa unaanzia hapo.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo mafundi wengi wanairuka kabisa, na mimi naona ndo kiini cha tatizo. Fungua lile bamba la nyuma, la chuma au la raba. Chini yake pana mbao iliyokatwa kichwa, yaani nyuzi zimekatwa kwa kupingana nazo, na mbao hapo ni kama mirija iliyofungwa pamoja, unyevu unaingilia pale upesi kuliko mahali pengine popote. Kiwandani wakati mwingine waliipaka kidogo tu, na ukishapita msimu wa mvua baada ya msimu unakuta pale chini ni kweusi, skrubu zimeshika kutu, kuna utando kama wa buibui, harufu ndo inatokea pale. Mtu anasafisha nje panang'aa, anaacha pale, mvua ijayo ukungu umerudi anasema dawa haikufanya kazi. Safisha pale kwa siki ile ile, kausha zaidi ya sehemu nyingine, na ukija kwenye kupaka mafuta hapo ndo uanzie, upake mpaka pakatae kunywa. Vile vile kule ndani mtutu unapolala, na matundu ya skrubu. Pakizibwa hapo umemaliza nusu ya kazi.

Msasa nao sijasema usiguswe milele. Kama mipako ya zamani imebanduka vibaya, tumia namba 320 kwa mkono, umeuzungushia kipande cha mbao bapa, ufuate nyuzi, na usikaribie kabisa kingo ambako mbao inakutana na chuma wala penye muhuri. Ukimaliza pangusa na kitambaa chenye maji kidogo, vinyweleo vya mbao vitasimama, vikikauka vipunguze kwa namba 400 taratibu. Na zile bonde ndogo za kugongwa usizifukuzie kwa msasa, weka kitambaa kilicholowa juu yake gusa na pasi ya moto, mvuke unazivimbisha nyuzi zilizobonyea zinapanda zenyewe. Pale nyuzi zilipokatika haitapanda, na mimi naona ni sawa tu, bunduki ya zamani ina haki ya kuwa na makovu yake.

Mafuta: hadiwea wanauza linsidi, ni mafuta ya mbegu za kitani. Iko mbichi na iko iliyochemshwa. Wanajeshi wa Uingereza zamani walikuwa wanapaka mbichi, lakini mbichi inachukua siku nyingi mno kukauka, na hapa kuna jambo la kuangalia sana, mafuta ya kitani yasiyokauka ni chakula cha ukungu. Mtu anapaka mengi akidhani anailinda mbao, anaifungia kabatini inanata, na ndo amemwandalia ukungu meza. Chukua iliyochemshwa, matone machache kiganjani, sugua mpaka mkono upate joto, subiri robo saa, kisha futa yote yanayobaki juu mpaka kitambaa kiteleze bila kunata. Acha mpaka kesho yake. Rudia mara tatu nne hivi, kila mara kidogo. Mng'ao unaopata ni wa chini chini, mbao inaonekana mbao.

Na juu yake paka nta. Hapa naomba wenzangu wa Tabora tujivunie maana miombo yetu ya Sikonge na Urambo inatoa nta ambayo watu wa mbali wanainunua, na sisi tunaagiza vanishi kwenye kopo. Nta safi iyeyushe kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, usiiweke motoni moja kwa moja, ikiyeyuka itoe mbali kabisa na jiko ndipo uchanganye teapentaini, sehemu moja ya nta kwa mbili hivi za teapentaini, ikipoa inakuwa kama mafuta ya mgando. Pakaa kidogo, acha, sugua na kitambaa cha pamba. Maji ya mvua yakidondokea pale unayaona yanajikusanya yanateleza.

Vitambaa vya mafuta ya kitani naomba nisisitize na mhariri usiikate sehemu hii. Mafuta yale yakikauka yanatoa joto, ukivikunja vitambaa ukavitupa pamoja kwenye kona au kwenye ndoo joto linajikusanya na vinaweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti. Vitandaze kimoja kimoja nje chini mpaka vikauke vigumu, au vizamishe kwenye maji. Kwetu wengi tuna mabani ya kukaushia tumbaku na maghala ya nyasi hatua chache na nyumba, hilo siyo la kufanyia mchezo.

Mwisho ni kuhifadhi. Lile begi la turubai au la ngozi ni la safari, siyo la kulalia, linanyonya unyevu na kuushikilia kwenye mbao. Kabati la chuma lenye kufuli ni lazima na ni sawa, ila liwe na nafasi kidogo kati yake na ukuta, na weka ndani zile pakiti za kunyonya unyevu zinazokuja kwenye maboksi ya viatu, ukizikusanya nyingi zinasaidia, uzibadilishe zikichoka. Bunduki isimame mtutu chini, maana mafuta ya chuma yakichuruzika kwenda kitakoni yanalainisha mbao pale shingoni. Ikinyeshewa porini isifungiwe siku ile kabla ya kufutwa na kukauka. Ndugu zetu wa Kigoma na Ujiji wanaokaa na hewa ya ziwa wafungue makabati mara nyingi zaidi yetu sisi wa huku juu, hata nje ya mvua.

Ombi langu kwa wanaosimamia stoo za silaha za askari wa wanyamapori wa vijiji, kule kwenye hifadhi za jamii kama Ipole na Uyumbu, ni kwamba bunduki za vitako vya mbao zilizopo zitolewe mwezi huu huu zikaguliwe, mabamba ya nyuma yafunguliwe, kabla hewa haijabadilika tena. Vijana wale wanalala nazo porini na kulowa nazo. Lita moja ya mafuta ya kitani na kilo ya nta ya hapo hapo kijijini inatosha kwa stoo nzima. Na kama kuna fundi wa silaha mwenye leseni anasoma gazeti hili, atuandikie kuhusu vitako vilivyooza shingoni, vinaungwa au vinabadilishwa, na mninga wetu unafaa kiasi gani kuchongea kipya, maana wazee wengi wananiuliza na hilo linahitaji jibu la mtu wa kazi hiyo.

Msomaji wenu,
Ipuli, Tabora