Somo, Usinunue Betri Bado

Shangani, Mtwara
Jumapili usiku

Somo yangu,

Salamu nyingi. Shangazi naye anakusalimu, yuko hapa barazani ananiuliza naandika nini muda wote huu kama mtu wa mitihani. Juzi kwenye simu uliniuliza jambo moja, nikakujibu matatu, kisha mtandao ukatuachanisha. Nimeona bora niandike, maana haya mambo ukiyasikia mara moja yanapita, lakini karatasi utaitia kwenye kidroo cha gari ikae humo. Nampa kijana wa jirani, anapanda basi la alfajiri kurudi kwao Mtanda. Ikikufikia imekunjamana, ujue aliikalia.

Umesema gari ukiliegesha Ijumaa, Jumatatu haliwaki, linalia tek-tek-tek basi, na muuza spea hapo Lindi kakwambia betri imechoka, nunua mpya. Somo, ngoja kwanza. Inawezekana kweli imechoka, sikatai. Lakini mimi nilinunua kwa maneno hayohayo, na wiki mbili hazijaisha nikawa palepale, bila pesa na bila gari. Sikukuambia wakati ule kwa aibu. Mwalimu wa hisabati mzima, nimeshindwa hesabu ya kutoa.

Unakumbuka gari lilipotoka bandarini lilikuwa na redio yake ya Kijapani. Kule kwao FM ilipangwa 76 hadi 90, na huku kwetu stesheni zimejazana kuanzia 87 na kitu kwenda hadi 108. Kwa hiyo safari nzima ya Masasi nilikuwa nasikiliza mvumo tu. Nikatafuta redio ya kisasa, ya kioo kikubwa, yenye ramani na blututhi na kamera ya nyuma. Kijana mmoja akaifunga chini ya mwembe, saa moja haikutimia. Ikaimba. Nikalipa, nikaondoka nimefungua vioo ili watu wasikie.

Haukupita mwezi, tukapata msiba Newala. Nilikwenda na ndugu kwa basi, gari nikaliacha hapa uani siku nne. Narudi, nakanyaga breki, nazungusha ufunguo: taa za dashibodi zikawaka kwa unyonge kama mshumaa wenye upepo, zikafa. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakaja, wema wao wote, wakalisukuma mpaka kwenye mchanga. Wakalirudisha. Wakalisukuma tena. Hakuna aliyekumbuka kuwa gari ni otomatiki. Manyuo, ile ya kubadilisha gia kwa mkono, ndiyo unaweza kuisukuma ukatia gia ya pili ikashtuka. Otomatiki, injini haishikani na matairi mpaka gia ipate presha ya mafuta, na pampu ya kuleta hiyo presha inazungushwa na injini yenyewe. Utasukuma hadi Mikindani. Niliwanunulia soda, wakaenda zao wanahema.

Akapita dereva wa lori la korosho, akasimama na waya zake za kubusti, tayari anafungua kisanduku cha betri. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akapiga kelele kwa mbali: “Hiyo ishirini na nne hiyo! Utamuunguzia mtoto wa watu gari!” Nikajifunza hapo hapo kwamba malori mengi yana betri mbili zilizofuatanishwa, volti 24, na gari zetu hizi ni volti 12. Ukiunganisha ovyo, vile vikompyuta vya ndani vinakwenda, na bei yake ni mara nyingi ya betri. Kwa hiyo hata ukiwa umekwama pale Mnazi Mmoja na jua linazama, lori mpe salamu tu, subiri gari dogo.

Likipatikana gari dogo, fuata mpangilio huu, na usikubali mtu akuharakishe. Waya mwekundu kwanza kwenye chanya ya betri yako iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ile ncha ya mwisho kabisa usiipeleke kwenye betri yako. Ibane kwenye chuma kitupu cha injini, mbali kidogo. Betri inapochajiwa hutoa gesi inayoshika moto, na ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche. Ukimaliza, anza kutoa ile iliyoingia mwisho.

Basi nikabustiwa, nikaenda dukani, nikaambiwa imechoka, nikanunua. Siku kumi shwari, kwa sababu nilikuwa naendesha kila siku. Kisha nikaugua malaria, gari likakaa siku tatu. Tek-tek-tek.

Sasa hapa ndipo shangazi anapoingia, na ukicheka mbele yake nitakukana.

Usiku mmoja alikuwa amejilaza kwenye mkeka hapa nje, karibu na gari. Mimi niko chumbani, nimempigia mdogo wangu aliye Dar. Simu inaonyesha imepokelewa, sekunde zinahesabika, lakini sisikii kitu. Napiga tena, kimya. Nikasema simu imeharibika. Mara nasikia ukunga nje. Natoka mbio, nakuta shangazi amesimama kule kwenye mgomba, khanga mkononi, anasoma kila dua aijuayo. Anasema amesikia sauti ya mtoto wetu inatoka ndani ya gari, gari limefungwa, hamna mtu: “Haloo? Haloo? Mbona hamsemi?” Bibi wa watu aliamini mtoto kafariki Dar na roho yake imekuja kuaga.

Ilituchukua muda kumtuliza. Mpaka mdogo wangu akapiga tena, kupitia simu ya shangazi mwenyewe, wakaongea. Mimi usingizi haukuja. Si kwa jini. Nilikuwa najiuliza, gari limezimwa tangu asubuhi, ufunguo uko mezani kwangu, simu yangu imejiungaje na redio yake?

Asubuhi nikabustiwa tena nikaenda Chikongola kwa fundi umeme mmoja mtu mzima, asiyeuza betri. Hilo la kutouza betri ulizingatie, Somo. Nikamsimulia habari ya jini. Hakucheka. Alisema, “Redio yako hailali, mwalimu,” akaingia ndani kutafuta mita yake ya kupimia umeme.

Hakuanza na redio, alianza na betri. Mita kwenye volti 20 za DC, yaani umeme wa betri, waya mmoja kila upande. Betri iliyoshiba na kupumzika husoma 12.6 au juu kidogo. 12.2 ni nusu. Ikifika chini ya 12, hiyo imeisha. Kisha akawasha injini akapima tena, ikasoma 14.2, akasema jenereta, ile inayozungushwa na injini kuichaji betri, inachaji vizuri, ikiwa kati ya 13.8 na 14.5 haina neno. Maana yake mchana betri inakula vizuri. Kuna anayeiibia usiku.

Kumtafuta mwizi ndiko kulikonifurahisha, nimewafanyia hata wanafunzi wa kidato cha pili hesabu yake. Mita unaihamishia kwenye ampia, na waya mwekundu wa mita unauhamisha kwenye tundu lililoandikwa 10A. Unalegeza kishikio cha hasi cha betri, unakitoa, halafu mita inakaa katikati: waya mmoja kwenye kishikio, mwingine kwenye kichwa cha hasi. Umeme wote unaotoka sasa unapita ndani ya mita. Kila kitu kizimwe, milango ifungwe, ufunguo uwe mbali. Kama mlango lazima uwe wazi ili ufikie fyuzi, sukuma ile kufuli yake kwa bisibisi mpaka gari liamini limefungwa. Wala usijisahau ukapiga stata hapo. Stata inavuta ampia mia na zaidi, utaunguza fyuzi ya mita kwa sekunde moja, na fundi atakutazama kama alivyonitazama mimi.

Kisha unasubiri, na wengi hawasubiri. Gari likizimwa, vikompyuta vyake huchukua muda kulala, nusu saa au zaidi. Ukisoma mapema utaona namba kubwa utishike bure. Sisi tulikunywa chai ya tangawizi. Tuliporudi mita ilikuwa inasoma ampia 0.52. Gari lililolala vizuri hutakiwa lisizidi 0.05 hivi, kwa ajili ya saa na kumbukumbu na alamu.

Piga hesabu mwenyewe. Betri yangu ni ampia-saa 45, yaani kama ampia moja kwa saa 45. Gawa kwa 0.52, unapata kama saa 87, hazifiki siku nne mpaka ikauke kabisa, na stata hukataa mapema kabla ya hapo. Siku nne za Newala. Siku tatu za malaria. Fundi akaanza kuchomoa fyuzi mojamoja, macho kwenye mita. Alipochomoa ya redio, ikashuka ghafla mpaka 0.03. Akairudisha, ikapanda. Akaichomoa tena, nadhani alitaka tu nione.

Redio hizi zina waya wa njano wa umeme wa kudumu, wa kutunza kumbukumbu, na mwekundu unaotakiwa kupata umeme pale tu unapozungusha ufunguo. Yule kijana wa mwembeni aliiunganisha yote miwili pamoja. Nilikuwa naizima kwa kitufe, kioo kinakuwa cheusi, mimi najua imelala, kumbe iko macho inasubiri simu. Kutenganisha waya ilikuwa kazi ya dakika ishirini.

Kinachoniuma ni ile betri ya kwanza. Fundi alisema huenda ilikuwa nzima, ingechajiwa polepole usiku kucha kwa mashine ikarudi. Na hii mpya nimeshaipunguzia umri. Betri za gari zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa mara moja kisha kujazwa, hazipendi kukaushwa. Ikikaa tupu, chumvi iitwayo salfeti inaganda kwenye vibao vya madini ya risasi vilivyo ndani, inakuwa ngumu, na sehemu iliyoganda hairudi tena. Ongeza na joto letu hili la pwani. Wala usidhani kuliwasha gari dakika kumi uani kutaijaza. Ile ni kama kumpa mwenye njaa maji ya kusukutua.

Sasa lako. Ulinitajia kwa kupita tu kwamba alamu ilifungwa wiki ileile uliyolinunua. Mimi macho yangu yako hapo. Lakini ujihadhari na jambo moja: vitu vya kuongezwa mtaani mara nyingi havipitii kwenye kisanduku cha fyuzi, vinachukua umeme moja kwa moja kwenye kichwa cha chanya. Unaweza kuchomoa fyuzi zote na mita isishuke. Kwa hiyo kwanza fungua boneti uangalie kama kuna kijiwaya chembamba, rangi haifanani na vya kiwandani, kimefungwa kwa utepe mweusi. Huyo ndiye wa kuanza naye. Taa ya buti nayo: weka simu inarekodi video humo, funga, fungua baada ya dakika moja uone kama giza liliingia. Na asubuhi kabla hujawasha, shika jenereta kwa kiganja. Ikiwa na uvuguvugu wakati injini yote ni baridi, diodi zake, vile vidude vinavyozuia umeme kurudi nyuma, zinavujisha, na hapo ni kazi ya fundi.

Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vishikio, kwa chumvi hii ya baharini lazima upo, usiupanguse kwa mkono. Maji ya moto yenye magadi, mswaki mkuukuu, yasiingie ndani ya betri. Kausha, paka grisi kidogo.

Kwa wiki hii, gari likilala zaidi ya siku moja, chukua spana namba 10 utoe kishikio cha hasi. Hasi, siyo chanya: spana ikigusa bodi huku iko kwenye chanya utaona fataki za Idi. Saa ya gari itapotea, utairekebisha.

Jumamosi nakuja na mita, nimenunua yangu. Lichajishe Alhamisi, Ijumaa jioni lifunge, usiliguse mpaka nifike, na ufunguo uweke jikoni. Usipike makubwa, wali wa nazi na changu unanitosha. Korosho siji nazo, mnazo.

Shangazi anakuja nami. Amekubali kupanda gari, ila kwa sharti: fyuzi ya redio niichomoe mbele ya macho yake, nimkabidhi, na ataifunga mwenyewe kwenye pindo la khanga mpaka tufike.

Somo wako