Shosti, safari hii tuangalie mwezi kwanza

Shosti wangu, habari za huko Iringa na hiyo baridi, watoto hawajambo? Sisi huku wazima kabisa, mama anakusalimia anauliza lini utakuja kumalizia ule mkeka ulioanza kusuka ukauacha.

Nimesoma meseji yako kwamba umepata likizo na unataka kurudi Pangani ila safari hii lazima ukanyage Maziwe, kile kisiwa chetu cha mchanga, na roho imeniuma upya yaani. Ile Jumamosi niliwaacha mpande boti asubuhi bila hata kuangalia mwezi, mkafika mkakuta bahari tupu, mawimbi yanapita juu ya mchanga, mkarudi hela imeshalipwa na wewe mgongo umeungua. Nahodha alijua vizuri tu kwamba kisiwa hakitaonekana ila alitaka nauli yake, na mimi mtoto wa huku nilitakiwa nikwambie. Samahani sana shosti, nimeibeba muda wote huu.

Sasa nisikilize. Ile siku ilikuwa maji mafu, nusu mwezi, na huku kwetu wiki ya nusu mwezi saa nne asubuhi ndo maji yamejaa. Bamvua ni kinyume chake, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu basi saa nne saa tano asubuhi maji yako chini kabisa, kati ya kujaa na kupwa inapita mita 3, na hapo ndo Maziwe inatoka baharini yote. Afu kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kwa hiyo hata ndani ya bamvua usikae ukasema nitaenda keshokutwa muda uleule. Kwa hiyo usipange tarehe za kuja kwa kuangalia wikendi, panga kwa kuangalia mwezi, mengine yote tutayapanga tukishakuwa pamoja.

Tutaondoka saa mbili, ni kama kilomita 8 hivi toka ufukweni. Kwanza utaona uzi mweupe tu kwa mbali, afu unanenepa kadri mnavyosogea, mkishuka mchanga bado umelowa mguu unazama mpaka kifundoni na vikaa vidogo vyeupe vinakimbia kiupandeupande kila ukipiga hatua. Hakuna mti hata mmoja. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, miti ikaisha na bahari ikala mchanga, ndo maana nakwambia beba kanga mbili na maji ya kunywa ya kutosha. Matumbawe yapo pembeni hapohapo, unavaa miwani unaweka uso kwenye maji unaona samaki wa njano wanapita chini ya tumbo lako, hata kuogelea huhitaji kujua sana. Ikifika saa saba hivi utaona maji yanaingia kutoka pande mbili yanakutana katikati, hapo nahodha anaita na hakuna kubishana.

Na kuna jambo la kasa nataka watoto waone kwa macho yao. Kasa bado wanapanda Maziwe kutaga kama vile kisiwa bado kipo, sasa mayai yakiachwa pale bahari inayafunika, kwa hiyo walinzi wanayahamisha wanakuja kuyafukia upya huku bara upande wa Ushongo. Baada ya siku 50 au 60 hivi mchanga unaanza kutikisika wenyewe, kinatoka kichwa, afu kingine, afu wote kwa pamoja, kila mmoja anaingia kwenye kiganja cha mtoto, wanakimbilia majini. Mnasimama kimya pembeni na tochi hakuna, mwanga unawapoteza njia. Mimi nimeona mara tatu na mara zote nimelia. Nitauliza kama kuna viota vinavyokaribia kuanguliwa ukishanipa tarehe.

Mji wenyewe unazunguka kwa mguu asubuhi moja unamaliza, zile nyumba za chokaa na milango ya nakshi, nyingine mizizi imeshapasua ukuta na inasikitisha maana kila masika inadondoka nyingine. Ila wewe kama mtu wa Iringa nitakupeleka mwenyewe nikuoneshe kitu. Unamjua Zelewski yule Mjerumani aliyeuawa na watu wa Mkwawa pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891? Huyohuyo ndo alikuwa hapa Pangani 1888 akiwa wakala wa kampuni ya Kijerumani, ubabe wake kwenye suala la bendera ya Sultani ndo ukawasha vita ya Abushiri. Abushiri mwenyewe Wajerumani wakamnyonga hapahapa tarehe 15 Desemba 1889. Yaani kwenu na kwetu tumepigana na mtu mmoja shosti, na shuleni walitufundisha kama habari mbili tofauti.

Jioni tutapanda mtumbwi mtoni. Maji yale yanatoka Kilimanjaro na Meru, yamepita Nyumba ya Mungu, yamezungusha mitambo ya umeme ya Hale, afu yanakuja kumalizikia kwetu yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, pale mdomoni unaona kabisa mstari yanapokutana na bluu. Mikoko huku, minazi huku, wagema wako juu. Ng'ambo ya mto ndo kuna Kikogwe, mkonge wa kwanza wa nchi hii ulipandwa huko 1893, miche 62 tu iliyopona njiani, afu fikiria mashamba yote uliyoyaona toka Korogwe mpaka Tanga.

Na uje mapema, maana daraja la mita 525 wanalijenga na sisi tumelilia miaka mingi, wagonjwa wa Mwera wanateseka usiku wakisubiri kuvuka. Ila nataka watoto wapande pantoni hata mara moja, wasimame mbele kabisa na baiskeli na mbuzi na wamama wa samaki.

Kwa hiyo fanya hivi, usiku ukitoka nje angalia mwezi uko wapi, hesabu mpaka uwe mpevu, nitumie tarehe mbili uzipendazo kabla hujakata tiketi. Nahodha nimeshamchagua mwingine, nimemwambia siku isipokuwa ya kwenda aseme tu haiendeki.

Wako wa Pangani