Seli shina haziishi ndani ya pakiti

Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilimkuta mama akikoroga unga wa rangi ya waridi kwenye kikombe cha maji vuguvugu. Goti lake la kulia linamsumbua tangu mwaka jana. Mchuuzi aliyepita mtaani kwetu hapa Kisumu alimwambia kwamba unga huo una seli shina zitakazomjengea goti upya. Alinunua pakiti 15, kwa pesa alizotumiwa na kaka yangu za mbolea.

Mimi nafundisha bayolojia, na jambo hili limeniuma. Seli shina ni kitu hai. Hujigawa, na huweza kuzaa nyingine kama yenyewe au zenye kazi maalumu. Ila haijiamulii peke yake. Mwaka 1978 mtafiti Ray Schofield alitoa hoja kwamba seli shina za damu hubaki kuwa shina kwa sababu ya makao yao ndani ya uboho wa mifupa. Majirani zao ndio huziashiria zilale, zijigawe au zianze kazi. Utumboni nako zimejificha chini kabisa ya vishimo vidogo, zikitunzwa na seli za pembeni, na kutoka humo utando wa utumbo huwa mpya kila baada ya siku chache.

Wenye watoto wanaougua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, nao ni wengi huku kwetu, huenda wamesikia habari za kupandikizwa uboho. Seli shina za uboho huingizwa kupitia mshipa kama damu ya kawaida, nazo huitafuta njia zenyewe hadi mifupani. Lakini kwanza mgonjwa hupewa dawa kali za kuondoa seli za zamani, wageni wapate pa kukaa. Kazi yote hiyo ni ya kuandaa makao tu!

Nilimuuliza mama kama angeweza kupanda marando ya viazi juu ya mawe ya Kit Mikayi. Akacheka, akasema yangekauka kabla ya jioni. Basi seli iliyokaushwa ikawa unga, ikatiwa kwenye pakiti, kisha ikapita kwenye asidi ya tumbo, itafikaje gotini ikiwa hai? Na goti lenyewe limelika na kuvimba, ni nani humo wa kuipokea?

Naomba wakaguzi wa dawa wafike mitaani, si madukani tu. Pakiti 9 zilizobaki nimeziweka, nitamkabidhi mkaguzi yeyote atakayezihitaji.

Mwalimu wa bayolojia,
Kisumu