Pendo, usifute ile sauti ya Igombe

Shoga angu Pendo,

Mambo vipi, mwangaluka, hamjambo wote hapo Sengerema? Sisi tupo, mama mzima, baba goti lake lilelile, shangazi karudi Magu. Salamu zingine ntakupa mwishoni nikikumbuka, maana hili jambo limeniamsha saa kumi usiku na sijalala tena.

Ile sauti uliyorekodi kwa simu yako siku ile Igombe, ulivyomshikia Mama Dotto simu karibu na kidevu akitusimulia biashara yake ya dagaa mpaka mkono ukafa ganzi, bado unayo? Naomba usifute kitu chochote kwenye hiyo simu kabla hujanijibu. Hata ikikwambia nafasi imejaa. Kama lazima ufute, anza na picha zangu mimi.

Sasa ngoja nikueleze nisije nikaonekana nimepagawa. Si unajua muhula huu tunasoma kuediti video, tunatumia DaVinci Resolve, lile toleo la bure. Mwalimu katuambia zamani ilikuwa mashine za kurekebisha rangi za filamu, mwaka 2009 kampuni ya Blackmagic Design ya Australia ndo ikainunua, ndo maana ukifungua ule ukurasa wa rangi unakuta vitufe kama chumba cha rubani. Laptopu yangu ya RAM GB 4 haiiwezi kabisa, kwa hiyo naediti palepale maabara, tunakaa wawiliwawili, mi na Juma, mpaka mlinzi aje kuzima taa halafu nikimbilie daladala ya mwisho ya Buzuruga.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote Pendo, ni kwamba kule ukikata hujafuta. Kipande ulichokata kwenye taimulaini kimejificha tu, ukishika ukingo wa klipu ukauvuta kinatoka tena chote kama kilivyokuwa. Siku nimeelewa hivyo uoga uliniisha, nikawa nakata bila kutetemeka.

Mwanzo ulikuwa mgumu lakini. Nilivyounganisha video ya simu yangu na sauti ya simu yako nikalinganisha pale ulipogonga viganja ili picha na sauti zioanishwe, dakika ya kwanza safi, ya tano mdomo umeshaachana na maneno, ya tisa ndo kabisa, Mama Dotto kafunga mdomo na sauti bado inaongea. Nikalinganisha upya mara nne. Kumbe simu zetu hazirekodi frem, yaani zile picha mojamoja zinazounda video, kwa mwendo mmoja, zinaongeza na kupunguza zenyewe kutokana na mwanga, kwa hiyo inabidi uipitishe video kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, iwe frem 25 kila sekunde mwanzo mpaka mwisho, ndo uingize. Nikafanya hivyo, ikakaa. Nililia pale kwenye kiti, kweli tena, maneno na mdomo vilivyokutana nilimwona kama yuko mbele yangu.

Basi tukaambiwa kazi isizidi dakika 5. Mimi nina dakika 14 za Mama Dotto peke yake. Nikaanza kutoa pumzi, kila aliponyamaza nikakata, kila "aaa" nikakata, ikatoka dakika 4 na sekunde 50, darasa likapiga makofi.

Jumamosi nikampelekea akaone. Yupo tu nyumbani siku hizi, mwezi mkubwa, wavuvi wa dagaa wamepumzika kwa sababu taa zao hazivuti kitu mbele ya mbalamwezi. Akavuta kigoda, akatazama kwenye simu yangu mara mbili bila kusema neno. Halafu akaniuliza, "Mbona mmenikimbiza?"

Pendo, sikuwa na jibu. Nikamwambia mama ni muda, tumepangiwa muda. Akasema sawa mwanangu, akaenda kuniletea maji. Lakini lile swali nimerudi nalo kwenye daladala, nimelala nalo, nimeamka nalo.

Unakumbuka pale aliposimulia masika? Kwamba alikopa kikundini, akanunua dagaa, akawaanika mchangani, mvua ikaja. Akanyamaza. Halafu ndo akasema, "Nikazoa hivyohivyo." Wewe ulikuwa karibu naye kuliko mimi, utakumbuka, alichukua dagaa mmoja akamgeuza akamrudisha chini. Ule ukimya ni sekunde 11, nimeuhesabu, frem 275, na mimi nikauacha robo sekunde. Kwa hiyo kwenye kazi yangu mvua inanyesha na hapohapo ameshazoa, kama vile hajapoteza kitu, kama vile wale dagaa hawakwenda kuuzwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Amenyimwa hata nafasi ya kuhuzunika.

Nikasema Jumatatu naurudisha, si nimeshajua kuvuta ukingo. Nafungua projekti nakuta dirisha lote jekundu, midia oflaini. Ile projekti kumbe haibebi video wala sauti ndani yake, inakumbuka tu faili limekaa wapi, na mafaili yangu nilikuwa nimeyaweka kwenye fleshi, na fleshi kuna mtu wa darasani aliiomba aweke Windows, akaiformati, vyote vikafutika. Hakujua, kaniomba msamaha mpaka nikamwonea huruma. Kosa la kubaki na kopi moja ni langu.

Video nimezipata, zilikuwa bado kwenye memori kadi, nikazibadilisha frem upya nikaielekeza projekti zilipo, wekundu ukaondoka klipu moja baada ya nyingine. Kilichobaki chekundu ni sauti yako. Simu yangu ilikuwa mbali, imejaza upepo wa ziwa na injini ya mtumbwi, Mama Dotto anasikika kama yuko ndani ya debe.

Juma ananiambia si una ile uliyokwisha kueksipoti, ile video iliyokamilika, tumia hiyo, pale kwenye ukimya chomeka sauti ya mawimbi utafute popote. Kiufundi inawezekana na mtazamaji hatajua. Mi sitaki. Kwenye sauti yako pale kuna pumzi yake, anavuta kidogo kabla ya kusema "nikazoa", niliisikia kwenye hedifoni siku ya kwanza kabisa nikaikata kwa mkono wangu. Ile pumzi ni yake. Sitamwekea ya ufukwe mwingine.

Nitatoa maelezo ya mitumbwi ya mwanzoni, na mimi ninavyouliza maswali nitajitoa wote, dakika 5 zitatosha.

Kwa hiyo shoga angu, angalia kwenye folda ya rekoda, sio kwenye galari. Ukiipata usiiplei ukairekodi upya kwa voisi, tuma WhatsApp kama dokumenti ifike ilivyo. Bando ntakurushia mimi. Na ukishatuma usiifute, ibaki na kwako pia.

Ipo kweli? Au ndo ile simu uliyosema unampa mdogo wako? Kama umeshampa, yuko nayo hapo au kaenda nayo shule? Ulitoa memori kadi kabla? Kazi mwisho Ijumaa, unaweza kunijibu leo hata kwa neno moja? Na kama mtandao unasumbua, huwezi kuja nayo mwenyewe, maana tangu Juni 2025 daraja lipo, foleni ya kivuko cha Busisi hatuna tena? Tulale kwetu, Jumapili twende wote Igombe tukamwonyeshe? Na ile habari ya Dotto na yule wa Kamanga ni kweli au watu wanasema tu?

Nasubiri, simu naiweka chini ya mto.

Wako,
Kulwa