Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: soksi zisimtoe mtoto darasani

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu jambo ambalo mezani kwako huenda linaonekana dogo: sare za shule za umma, pamoja na kanuni za mavazi na nywele zinazoambatana nazo. Nikutoe wasiwasi mapema. Simo miongoni mwa wanaotaka sare zifutwe. Nina watoto shuleni, nimekaa kwenye kamati ya shule, na naijua raha ya asubuhi isiyo na ubishi wa nguo. Dereva akiona kundi la sare barabarani hupunguza mwendo. Mlinzi wa geti humtambua mgeni kwa kumtupia jicho mara moja tu. Anayeyabeza hayo hajawahi kuwa na mtoto anayekwenda shule kwa miguu.

Ombi langu ni moja. Utoe waraka kwamba hakuna mwanafunzi wa shule ya umma atakayezuiwa getini, atakayetolewa darasani wala atakayekataliwa chumba cha mtihani kwa sababu ya alichovaa au jinsi nywele zake zilivyo. Kanuni zibaki. Adhabu hiyo iondoke.

Mjadala wa sare ukianza huwa tunagawanyika: wapo wanaosema zinaleta usawa, wapo wanaosema zinaua uhuru, na wote wanabishania nguo. Naomba safari hii twende tukasimame getini. Kengele imelia, mwalimu wa zamu yuko pale. Wewe viatu si vyeusi, kaa kando. Wewe sweta limepauka, kaa kando. Wewe soksi gani hizo? Na wewe, hizo nywele utanyoa lini? Wa kando wanangoja wakati wenzao wameshafungua madaftari. Baadhi watapewa ufagio, baadhi wataambiwa walete mzazi, na waliobaki watarudishwa nyumbani wakavae vizuri. Lakini mtoto mwenye viatu vyeusi nyumbani angekuja navyo! Aliyetumwa kuvaa asichokuwa nacho harudi siku hiyo. Akishakua kidogo, anajifunza kutofika getini kabisa: anaaga asubuhi, anajibanza mahali, anarejea nyumbani saa za kutoka. Kwenye daftari la mahudhurio ataandikwa mtoro, na baadaye mwaka takwimu za utoro zitaletwa ofisini kwako, nawe utaunda kikosi cha kuchunguza kwa nini watoto hawaendi shule.

Inafaa kukumbuka sare ilianzaje. Shule ya Christ's Hospital, iliyoanzishwa London mwaka 1552 kwa ajili ya watoto maskini, iliwavika wanafunzi wake koti refu la buluu na soksi za njano. Watoto wale walipewa nguo kwa sababu hawakuwa nazo, na hadi leo shule hiyo huwapa wanafunzi sare bila malipo. Baada ya muda dunia ikaipindua habari hiyo: nguo iliyokuwa msaada kwa asiye nacho ikawa sharti analotakiwa kulitimiza kwanza ndipo afunguliwe mlango.

Kwamba sharti hilo linazuia watoto, na si visingizio vya wazazi, lilipimwa magharibi mwa Kenya. Wanafunzi wa shule za msingi waligawiwa sare bure kwa bahati nasibu, halafu watafiti wakalinganisha mahudhurio ya waliopata na waliokosa. Kwa waliopata, utoro ulipungua kwa zaidi ya theluthi. Kwa wale ambao awali hawakuwa na sare kabisa ulipungua kwa zaidi ya nusu. Niwe mkweli: watafiti walipofuatilia miaka kadhaa baadaye, hawakuona tofauti ya kudumu kati ya makundi hayo mawili. Sare peke yake haimfikishi mtoto mbali. Ila kukosa sare kunatosha kumbakiza nyumbani leo, na siku za leo zikijirudia mara kadhaa katika muhula mmoja, somo zima la hesabu limempita.

Ruhusa, Mheshimiwa, niseme kidogo kuhusu gharama, maana huko ndiko wakubwa wanakosea hesabu. Wakitaja sare wanafikiria nguo moja. Mzazi anafikiria mashati mawili kwa uchache, sketi au kaptura, sweta, tai, soksi, viatu, nguo za michezo, na mguu unaokua bila kuangalia kalenda ya mshahara. Mwenye sare moja huifua jioni. Isipokauka, asubuhi mtoto achague kuivaa mbichi au kubaki. Na nani alichagua shati jeupe? Si yule anayelifua. Rangi ya sketi nayo huchaguliwa na watu ambao hawajawahi kuwa na hedhi katikati ya kipindi cha pili wakiwa wamevaa kitambaa cheupe.

Halafu kuna nembo. Sweta la rangi hiyohiyo, zito na zuri, linakataliwa kwa kuwa halina nembo iliyodariziwa, na nembo hiyo inauzwa na mzabuni mmoja tu. Au uongozi mpya unaingia na kubadilisha kijani iwe kijani nyingine, na sweta la kaka mtu, ambalo lingemvusha mdogo wake miaka miwili, linageuka tambara kwa kikao kimoja. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Muda mrefu hujadiliwa rangi. Bei huulizwa wakati watu wameshaanza kukusanya makaratasi.

Hili lina dawa, na wengine wameshaijaribu. Uingereza ilipitisha mwaka 2021 sheria mahususi ya gharama za sare. Mwongozo uliotokana nayo unazitaka shule zipunguze nguo zenye nembo, zisijifunge kwa muuzaji mmoja bila zabuni ya ushindani, na zihakikishe wazazi wanaweza kupata sare zilizokwishatumika. Ukinakili mambo hayo matatu hutalaumiwa na mtu, isipokuwa wazabuni.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na ombi langu uko California, Marekani. Mwaka 1994 mji wa Long Beach ulianza kulazimisha sare katika shule zake za umma za msingi na za kati, na habari ikavuma kiasi kwamba Rais Bill Clinton aliipigia debe sare katika hotuba yake kwa Bunge mwaka 1996. Wapenda sare huishia hapo wanaposimulia. Sheria ya jimbo hilo iliyoziruhusu shule kudai sare ina masharti yasiyosimuliwa: wazazi wapewe taarifa miezi sita kabla, wanafunzi wasio na uwezo wasaidiwe kuipata, mzazi awe na njia ya kukataa, na mtoto ambaye mzazi wake amekataa asiadhibiwe kimasomo wala kunyimwa mahudhurio. Maana yake ni kwamba mji unaotajwa kila mahali kama ushahidi wa sare kali haukuwa na ruhusa ya kumfungia mtoto geti. (Kuhusu manufaa yenyewe, watafiti David Brunsma na Kerry Ann Rockquemore walichapisha mwaka 1998 uchambuzi wa takwimu za wanafunzi wa Marekani na hawakuona sare ikipunguza utoro, dawa za kulevya wala vurugu. Wengine wamepata majibu tofauti. Sitaki kukuchosha na ugomvi huo, kwa sababu ombi langu halitegemei nani yuko sahihi.)

Kuna pia hukumu moja ya Japani ambayo ningependa wanasheria wako waisome. Mwanafunzi wa sekondari ya serikali huko Osaka, aliyesema nywele zake ni za kahawia tangu kuzaliwa, alitakiwa azipake rangi nyeusi tena na tena. Alipoacha kwenda shule, jina lake liliondolewa kwenye orodha na kiti chake kikatolewa darasani. Februari 2021 mahakama ilikataa kusema kanuni ya nywele ni batili. Ila kwa kuondoa jina na kiti, iliamuru alipwe fidia ya yeni 330,000. Wengi walikasirika kwamba kanuni ilipona. Mimi naona mahakama ilitenganisha vitu viwili ambavyo sisi tumevifunga pamoja kwa miaka mingi: kuwa na kanuni ni jambo moja, kumnyima mtoto nafasi yake ya kusoma ni jambo jingine kabisa. Kwa upande wake Tokyo, kuanzia Aprili 2022, iliacha katika sekondari zake za umma kanuni kama ile ya kulazimisha nywele nyeusi na ile ya kupangia wanafunzi rangi ya nguo za ndani. Ndiyo, nguo za ndani. Kanuni za mavazi zikikosa wa kuzipima, hufika huko.

Wasichana ndio wanaolijua hili vizuri zaidi. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilipitia kanuni za mavazi za shule za umma mwaka 2022 na kukuta takriban asilimia 90 zikikataza nguo zinazohusishwa na wasichana, dhidi ya asilimia 69 zilizokataza za wavulana. Karibu asilimia 60 zilikuwa na vipengele vinavyotaka mwili au nguo ya mwanafunzi ipimwe. Rula kwenye goti la binti, mbele ya wenzake, mkononi mwa mwalimu wa kiume. Sitaeleza zaidi, Mheshimiwa. Kama una binti, umeshaelewa.

Na nywele. Afrika hapa tumeshalipia mahakamani somo ambalo wizara zingeweza kulitoa bure. Agosti 2016 wanafunzi weusi wa Pretoria High School for Girls waliandamana kwa sababu nywele zao, jinsi zinavyoota, ziliitwa uchafu wa mwonekano. Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2019, ya Ghana mwaka 2021 na ya Malawi mwaka 2023, zote ziliamua kwamba wanafunzi Marasta wasifungiwe shule kwa sababu ya rasta zao. Kabla ya hao wote, mwaka 2007, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilimtetea msichana wa Durban aliyezuiwa kuvaa kipini cha puani cha mila na dini ya familia yake. Shule ilihofia kwamba mmoja akiruhusiwa, kesho kila mtu atakuja na lake. Jaji Mkuu Pius Langa alijibu kwamba wanafunzi wengi zaidi wakijisikia huru kuonyesha dini na tamaduni zao, hilo ni la kusherehekea na si la kuogopa.

Najua walimu wakuu watakavyokuambia: ukiondoa adhabu ya geti, nidhamu imekwisha. Nawaheshimu, na kazi yao siiwezi. Lakini tuulizane nidhamu gani hufundishwa kwa kumwondoa mwanafunzi mahali pa kufundishwa. Aliyekusudia kukaidi, yule anayekunja sketi makusudi au kuvaa kofia ili aonekane, ukimfukuza umempa mapumziko. Huyo abakizwe baada ya masomo, aitiwe mzazi, apewe kazi ya kuandika. Zana za mwalimu ni nyingi. Asiyekuwa na sare aulizwe faraghani kwa nini hana, kisha apewe shati kutoka kabati la akiba la shule, ambalo linaweza kujazwa na sare za waliomaliza. Na wote wawili, mkaidi na maskini, waingie darasani kwanza. Tatizo la geti ni kwamba haliwezi kuwatofautisha, na mara nyingi halijaribu.

Sheria ziko upande wako. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 28, unazitaka nchi zihimize mahudhurio ya shule na kupunguza wanaoacha masomo, na zihakikishe nidhamu ya shule inatekelezwa kwa namna inayoheshimu utu wa mtoto. Huhitaji kupeleka muswada bungeni. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha.

Ningeomba uwe na maneno ya wazi, maana waraka wenye "inapowezekana" na "kwa kadiri ya mazingira" huishia kwenye faili. Useme mwanafunzi aliyefika shuleni anaingia darasani. Useme hakuna mtumishi wa shule anayeruhusiwa kumkata mtoto nywele, kumpima mwili, au kumsimamisha mstarini achekwe kwa nguo zake. Useme mzazi mwenye sababu ya dini, ya afya au ya ulemavu ataomba msamaha wa kanuni kwa barua na kujibiwa kwa maandishi. Wapo watoto ambao ngozi au hisia zao haziwezi kabisa kustahimili kitambaa fulani, na wanateswa kila siku kwa jina la unadhifu. Useme shule ikibadilisha sare, ya zamani itaendelea kukubalika mpaka mtoto aliyeinunua amalize.

Na uweke namba ya simu. Mzazi ambaye mwanawe amerudishwa saa moja na nusu asubuhi anahitaji mtu wa kumpigia saa mbili, si fomu ya malalamiko itakayojibiwa muhula ujao. Tafadhali waraka utoke kabla ya usajili wa mwaka mpya wa masomo, kwa sababu wiki ya kwanza ya muhula ndiyo yenye foleni ndefu kuliko zote getini, na ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule, upande wa nje.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi wa wanafunzi wa shule ya umma